Kamera haijui ngozi, inajua kijivu

Jumapili iliyopita kilabu chetu cha foto kilitoka kwenda Kamalondo, hapa Lubumbashi. Tulikuwa watu kumi na mmoja, wengine na kamera, wengine na simu tu. Kanuni zetu za kutoka ni zilezile: unasalimia kwanza, unaomba ruhusa, lensi haielekezwi kwa askari wala kwenye gare, yaani stesheni ya treni, na ukiahidi mtu foto unamletea. Saa tatu asubuhi tukasimama kwa mama mmoja anayeuza makala (mkaa) na matembele mbele ya nyumba yake. Alikubali, akaingia ndani, akarudi na kitenge safi, akaketi kwenye kiti chake mlangoni. Kijana mmoja, hii ilikuwa mara yake ya tatu kutoka nasi, akainua flashi juu ya kamera na kusema: “Mama, uko mweusi sana, bila flashi foto haitatoka.”

Mama akamtazama kwa muda. “Niko mweusi tangu kuzaliwa, na foto ya ndoa yangu ilitoka.”

Sentensi ile ya kijana nimeisikia kwa wapiga foto wenye miaka kumi kwenye arusi, nimeisikia kwa wateja, nimeisikia hata kwa watu wanaofundisha wengine. Imenichosha. Na safari hii ilisemwa mbele ya mtu mzima, kwake, baada ya kutukaribisha. Kwa hiyo naandika.

Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui mtu ni nani. Kinapima mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu, kisha kinadhani kwamba ukichanganya vyote vilivyo ndani ya fremu utapata kijivu cha katikati, kile cha asilimia 18. Elekeza lensi kwenye terril ya Gécamines, kampuni ya madini, ule mlima wa taka za shaba kando ya bomba refu la moshi, ujaze fremu nzima. Utapata mlima wa rangi ya majivu, wakati sisi sote wa Lubumbashi tunajua ni mweusi. Jaza fremu na gauni la bibi arusi, gauni litatoka kijivu pia. Hakuna aliyewahi kusema kamera haipendi gauni jeupe.

Hapa ndipo naomba mtu asome polepole, kwa sababu makosa ni mawili na yanakwenda pande mbili.

Kosa la kwanza kila mtu analijua. Sura nyeusi imezungukwa na weupe: shati, ukuta wa chokaa, anga la mchana. Kipimo kinaona mwanga mwingi, kinaubana, na sura inazama. Hapo watu wanasema “apareyi (kamera) haipendi ngozi yetu” na kukimbilia flashi. Kosa la pili halilalamikiwi na mtu. Sogea karibu, weka lensi ya milimita 85, ya kupigia sura, uso ujaze fremu. Sasa kipimo kinaona giza, kinafungua, na mtu anatoka na mashavu ya rangi ya chai ya maziwa ambayo hana. Kamera ni ileile, mtu ni yuleyule, zimepita dakika mbili. Mara ya kwanza tuliambiwa kamera inatuchukia, mara ya pili wanasema “umependeza”. Hiyo ya pili ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu ni kosa lilelile la kipimo, ila tumejifunza kuliona kama zawadi.

Siku moja tulikuta fanfari, bendi ya tarumbeta, ya kanisa la Wakimbangu ikijipanga, sare kijani na nyeupe, jua la saa mbili pembeni. Nilipiga kundi zima kwa kuongeza stopu moja na theluthi (stopu moja ni mwanga mara mbili), la sivyo mashati yangezamisha sura zote. Kisha nikamkaribia mpiga tarumbeta mmoja, nikaijaza fremu kwa uso wake, nikapunguza theluthi mbili. Kutoka kujumlisha hadi kutoa, kwa mtu aliyekuwa ndani ya fremu zote mbili! Wenzangu walidhani nimechanganyikiwa. Nilitaka tu ngozi yake ibaki ileile katika foto zote mbili, kwa sababu yeye hakuwa amebadilika.

Ukitaka njia ya haraka, tumia kiganja. Viganja vya watu wengi, weusi kwa weupe, vinakaribiana kuliko sura zao. Kiweke kwenye mwanga uleule unaompiga unayempiga foto, upime hapo, ongeza karibu stopu moja, funga vipimo kwa mkono, usiviguse tena mpaka mwanga ubadilike. Vitabu vinasema stopu moja kamili. Kiganja changu, nikikilinganisha na kadi ya kijivu, kinataka theluthi mbili tu. Pima chako. Kwenye simu, gusa sura kwenye kioo, kisha vuta alama ya jua kuelekea chini mpaka ngozi ifanane na mtu aliye mbele yako. Mwangalie yeye, usiangalie kioo peke yake.

Kuna jambo la haki ambalo lazima niliseme kwa wazee wa kazi hii. Imani hii haikutoka hewani. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak, watengenezaji wa filamu, walikuwa wakizipelekea maabara za kuchapa foto kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe. Wa kwanza aliitwa Shirley, na jina likabaki kwenye kadi hata wanawake walipobadilika. Filamu ya rangi na uchapaji wake vilipangwa kumridhisha yeye. Mtoto mweusi na mtoto mweupe kwenye benchi moja la shule, mmoja alitoka na mwingine akabaki meno na macho. Waliosaidia kuisukuma kampuni irekebishe, katika miaka ya 1960 na 1970, ni pamoja na watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka rangi za kahawia zitenganishwe. Aliyejifunza kazi kwa filamu ya namna hiyo alikuwa na sababu ya kuongeza mwanga. Kijana mwenye kamera ya leo hana sababu hiyo, anarudia tu alichosikia.

Sasa flashi yenyewe. Ngozi inarudisha mwanga kwa njia mbili. Sehemu moja inaingia ndani, inatembea kidogo, inatoka na rangi ya mtu. Sehemu nyingine inateleza juu ya ngozi kama juu ya maji na kurudi bila kuchukua rangi; huo ndio mng'ao. Ngozi nyeusi inarudisha kidogo ile ya kwanza, lakini ile ya pili ni karibu sawa kwa watu wote. Kwa hiyo kwenye sura ya mtu mweusi mng'ao unaonekana zaidi, na ndio unaochora umbo: paji, mfupa wa shavu, mstari wa pua, ukingo wa mdomo. Swali la kwanza linakuwa ngozi hii ina nini mbele yake cha kuakisi. Wingi wa mwanga unakuja baadaye.

Flashi iliyo juu ya kamera ina ukubwa wa kiberiti. Ngozi inaakisi hicho kiberiti: doa jeupe kwenye paji, jingine puani, na kwingine kote pamelala bapa kama karatasi. Kisha mtu anafuta madoa kwa poda na kulaumu ngozi. Mpe ngozi hiyohiyo ukuta mpana uliopigwa na jua. Mng'ao unakuwa mrefu na laini, unashuka kutoka kwenye paji hadi kidevuni, na unaona kazi yote ya mifupa. Sijawahi kuona sura nyeupe ikichorwa namna hiyo na ukuta wa kawaida. Nasema hivyo kwa furaha kabisa.

Kwa yule mama wa Kamalondo hatukuhitaji chochote cha kununua. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na ukuta wa jirani wenye chokaa, jua limeupiga wote. Tulimwomba asogeze kiti hatua moja ndani ya mlango, atazame ukuta. Nyuma yake chumba kikawa giza, mbele yake kukawa na karatasi nyeupe ya mita sita. Vipimo vya kamera: ISO 200, f/4, 1/250. Basi.

Angalieni pia chini. Udongo wetu mwekundu unarudisha mwanga mwekundu kidevuni na chini ya macho, na watu wanahangaika na mizani ya rangi ya fremu nzima wakati tatizo liko miguuni. Lubumbashi iko nyuzi 11 na zaidi kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwishoni mwa Oktoba, na tena katikati ya Februari, jua la saa sita linasimama utosini. Na Oktoba ndio msimu watu wanataka foto chini ya jakaranda, mchana kabisa, na macho yanakuwa mashimo mawili. Tandika mfuko mweupe wa unga wa mahindi, ule wa kilo 25, miguuni pa mtu nje ya fremu. Unafuta wekundu na unafungua macho kwa mara moja. Nina mmoja nautembeza mwaka wa nne sasa.

Niseme na ninapositasita. Hiyo asilimia 18 wengine wanaikataa: vipimo vya kamera nyingi vinasemekana kulenga chini zaidi, 12 au 13, na tofauti hiyo ni kama nusu ya stopu, kwa hiyo si kitu cha kupuuza kwenye ngozi. Pia, mimi nawaambia wapunguze, lakini anayepiga RAW, faili ghafi ambayo kamera haijaichakata, ana hoja nzuri dhidi yangu: fungua kadiri histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kamera, inavyoruhusu bila kuunguza, kisha shusha ukifika nyumbani, maana ukiinua giza baadaye chembechembe zinajaa mashavuni. Ni kweli. Kwa JPEG na simu nabaki na ushauri wangu. Kwa RAW nimebadilisha mawazo mara mbili mwaka huu na huenda nikabadilisha tena. Na ngozi ikae wapi hasa kwenye foto ya mwisho? Mimi nachapa nusu stopu chini ya wenzangu, nao wanasema nazidisha. Tumebishana hadi usiku.

Nisipositasita ni hapa: sing'arishi watu. Mashine za maabara zina marekebisho ya moja kwa moja yanayoinua kila sura yenye giza; omba yazimwe, ukikataliwa nenda kwingine. Na dada anayeniambia “unipunguzie weusi kidogo” namwonyesha kwanza foto ya dirishani, mwanga mpana, bila kugusa chochote. Wengi wanakaa kimya wakiitazama. Mmoja alilia. Krimu anazopaka siwezi kumwondolea, lakini foto yangu haitasaidiana nazo.

Tulipomaliza, mama aliingia ndani akaleta ile foto ya ndoa. Nyeusi na nyeupe, wakati wa Zaire, kingo zake zimekatwa meno-meno. Gauni lina mikunjo yote, halijaungua mahali. Sura yake ni nyeusi kama ilivyo, na kila kitu kinaonekana ndani yake, hadi kovu dogo juu ya nyusi. Hakukuwa na doa la flashi popote.

Kijana aliishika kwa mikono miwili. Akaizima flashi yake, akaniuliza dirisha la studio lilikuwa upande gani. Nikamwonyesha mng'ao kwenye paji la bibi arusi, unaanzia kushoto.