"Lakini Ni Mtu wa Maombi"

Nimeisikia tena juzi. Kazi yangu ni kuwaandaa wachumba na kuwasikiliza wanandoa waliokwama, na kila baada ya muda mfupi mtu huketi mbele yangu akanieleza jinsi mwenzake anavyomtukana, anavyoficha madeni, anavyonuna wiki nzima akiambiwa kosa lake. Kisha anamalizia: "Lakini ni mtu wa maombi, mchungaji. Akianza kuomba, unasikia kabisa uwepo." Uwepo wa nani? Huwa nalimeza swali hilo. Lakini dhana zinazozaa maneno kama hayo, zinazopima kina cha kiroho kwa vipimo visivyo sahihi, nazijibu hapa moja moja.

Dhana: Mwenye karama kubwa ana kina kikubwa cha kiroho.

Hapana. Karama hutolewa; tunda la Roho, yaani tabia kama upole, huota na kukua taratibu. Mtu anaweza kuanza kunena kwa lugha leo jioni. Upole haupatikani kwa kuwekewa mikono. Someni Waamuzi 16 polepole. Samsoni alitoka kwa kahaba kule Gaza usiku wa manane, na usiku huohuo akayang'oa malango ya mji akayabeba mabegani. Nguvu zilikuwepo. Angekuwa wa zama zetu, kesho yake tungempa mimbari.

Au chukueni Wakorintho. Paulo anawaambia katika sura ya kwanza ya waraka wake wa kwanza kwao kwamba hawakupungukiwa na karama yoyote. Sura ya tatu, anawaita watoto wachanga, watu wa mwilini, kwa sababu ya husuda na fitina. Sura ya sita wanashtakiana mahakamani. Sura ya kumi na moja, wengine wanalewa kwenye meza ya Bwana huku wenzao wana njaa. Ni kanisa lilelile! Na ile sura ya 13 ambayo kila bibi harusi anataka isomwe siku yake haikuandikwa kwa ajili ya harusi. Imewekwa katikati ya sura mbili za karama, kwa watu waliokuwa wakigombania nani anena vizuri zaidi.

Yuda naye alikuwemo kati ya wale kumi na wawili waliopewa amri juu ya pepo wachafu. Bwana aliposema mmoja wao atamsaliti, wenzake hawakumgeukia Yuda. Kila mmoja aliuliza kama ni yeye. Kwa nje hakukuwa na cha kumtofautisha.

Ndiyo maana sifa za askofu katika 1 Timotheo 3 karibu zote ni tabia: si mgomvi, si mpenda fedha, anaisimamia nyumba yake vema, anashuhudiwa mema hata na watu wa nje. Kipaji kinachotajwa ni kimoja tu, kujua kufundisha. Sauti kubwa haimo.

Kwa hiyo wachumba wangu huwa siwaulizi mwenzao anafunga siku ngapi. Nawaambia: mnyime jambo moja analolitaka sana, kisha mtazame. Muulize mdogo wake wa mwisho anavyoishi nyumbani. Mtafute anayemdai. Wengi huona haya ni mambo ya kidunia, wakaondoka wakitafuta mshauri "wa kiroho zaidi". Baadhi hurudi, na siku hizo sifurahii kuwa nilisema kweli.

Dhana: Mavazi ya kiasi ni dalili ya moyo wa kiasi.

Wakolosai 2:23 inasema kuutawala mwili kwa ukali kunaonekana kuwa na hekima, lakini hakufai kitu kwa kuzizuia tamaa. Na mnaoutumia 1 Petro 3:3 kukataza kusuka nywele, msiishie njiani: orodha hiyohiyo inataja na kuvalia mavazi. Sijaona kanisa lililofika huko. Petro analinganisha mapambo ya nje na mapambo ya moyoni.

Dhana: Mungu huangalia moyo, basi ya nje hayana maana.

Hii ni ya wale waliochoshwa na dhana ya pili. Maneno hayo aliambiwa nabii Samweli, alipotumwa kumpaka mafuta mfalme mpya akawa karibu kumchagua Eliabu, kaka yake Daudi, kwa sababu ya kimo chake. Ni onyo kwa mwenye kuchagua, si ruhusa kwa mwenye kuchaguliwa. Yesu naye alisema kikombe kisafishwe kwanza ndani, ili nje yake nako kuwe safi. Alitazamia nje ifuate.

Dhana: Ukiwa na kina, utamhisi Mungu.

Mama Teresa, aliyefariki mwaka 1997, aliwaandikia viongozi wake wa kiroho kwa miaka mingi kuhusu giza na ukimya aliouona ndani yake. Barua hizo zilipotolewa hadharani mwaka 2007, wengi walishtuka, kwa kuwa nje walikuwa wameona tabasamu na kazi. Sikushtuka sana. Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila mstari wa ushindi, na kichwa chake kinasema ni wimbo.