Je, wanawake huzalisha asilimia 80 ya chakula cha Afrika?

Takwimu hii imerudiwa kwenye maandiko ya misaada kwa miaka mingi, lakini hakuna utafiti ulioithibitisha. Watafiti wa Benki ya Dunia walipima kazi ya kilimo cha mazao katika nchi sita wakakuta mchango wa wanawake kwa wastani ni takriban asilimia 40; kwa mfano Niger 24, Tanzania 52, Uganda 56. Hiyo ni kazi ya shambani tu; kuchota maji, kutafuta kuni na kupika havimo. Na mke na mume wakilima shamba moja, nani atasema gunia lipi ni la nani?

Kinachoniuma ni mama kuongezewa jembe, ilhali anachokosa ni hati ya ardhi, mbolea na mtu wa kumshikia mtoto wakati wa palizi. Mwaka 2011 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikadiria kuwa wanawake wakipata nyenzo sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yangeongezeka kwa asilimia 20 hadi 30.