Kutibu udongo wa bustani ya nyasi: maana yake

Kutibu udongo ni kurekebisha hali ya ardhi ili mizizi iweze kutumia chakula kilichomo. Kwenye bustani ya nyumbani kinachotibiwa mara nyingi ni uchachu, unaopimwa kwa pH. Saba ni katikati, na chini ya hapo udongo ni mchachu. Kila namba ni tofauti ya mara kumi: udongo wa pH 5 una uchachu mara kumi ya ule wa 6. Ukoka na nyasi nyingi za uwani hustawi kati ya 6 na 7.

Nyanda za juu zenye mvua nyingi, kama Lushoto na Limuru, madini ya kalisi na magnesi huoshwa na maji mwaka hadi mwaka, udongo ukachachuka. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imefungika udongoni huyeyuka na kuunguza mizizi, nayo fosforasi, ambayo ni chakula cha mimea, hunaswa isifikie mizizi. Chimbua mahali palipodumaa uangalie: mizizi ni mifupi, minene, ncha zimekuwa za kahawia. Hapo usikimbilie mbolea ya urea, maana nayo huongeza uchachu.

Dawa ni chokaa ya kilimo, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha: humwaga chokaa na mbegu wikiendi moja. Chokaa huhitaji unyevu na miezi kadhaa kufanya kazi. Anayetaka kupanda masika yakianza Machi, aimwage Desemba vuli ikielekea ukingoni, aichanganye kwa jembe hadi kina cha sentimita 15.

Lakini pima kwanza. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Tanga, wana maabara za udongo. Udongo wa mfinyanzi hutaka chokaa nyingi kuliko wa kichanga, na udongo wa Pwani uliotokana na matumbawe hautaki kabisa. Ukiuongezea, nyasi hukosa madini ya chuma na kugeuka manjano.

Mbegu ya ukoka ni ndogo mno, ukiifukia sana haitoki. Isambaze juu ya udongo uliosawazishwa, pitisha reki kidogo, ikandamize kwa ubao, kisha nyunyizia maji kidogo kidogo, udongo wa juu usikauke mpaka ichipue. Penye mteremko panda vipandikizi badala ya mbegu, kwa sababu mvua kubwa ya Aprili huizoa yote hadi mtaroni.