Sifuri ya kazi si lazima ikae kitovuni
Kwenye karakana za nakshi hapa Unguja utasikia kauli hii: mashine ya kuchonga ya mihimili mitano (husogea pande tatu na kuzunguka kwa njia mbili) lazima sifuri ya kazi, yaani nukta ambayo vipimo vya programu huanzia, ikae kwenye kitovu cha mzunguko wa meza.

Zamani ilikuwa na mantiki. Programu iliandikwa kwa kufuata kitovu hicho. Nukta iliyo milimita 10 kutoka kitovuni, meza ikizunguka nyuzi 90, huhama takriban milimita 14.1; programu isipojua hilo, ua la nakshi ya mlango limeshaharibika.

Mashine nyingi za leo hupiga hesabu hiyo zenyewe. Kwa Fanuc (kompyuta ya kuendesha mashine) yenye uwezo huo, amri ya G43.4 huifuata ncha ya kisu meza inapozunguka. Basi weka G54, yaani sifuri yako ya kazi, hata konani mwa ubao, mradi kitovu kimepimwa sawasawa ndani ya mashine (hapo ndipo wengi huteleza).