Kansa ya ngozi na kinga ya mwili: tunavyoambiana na ilivyo kweli

"Ukiona mtu kapata kansa ya ngozi ujue kinga yake imeisha." Hapana. Hii inanichosha kuliko zote, maana daktari akikata kinyama kwenye uvimbe kikapelekwa maabara wakakiangalia kwa hadubini, mara nyingi seli za kinga wanazikuta zimejaa palepale, zingine zimeingia mpaka katikati, sa shida sio kwamba hazipo, zipo ila hazifanyi kitu. Kansa imezibadilisha.

Inazibadilishaje? Chukua seli za Langerhans. Zinakaa tabaka la juu la ngozi na zina matawi matawi, mpaka Paul Langerhans aliyezieleza mwaka 1868, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Berlin, alidhani ni za mfumo wa neva. Kazi yake ni kuokota kipande cha kitu kigeni, kushuka nacho kwenye tezi (hizi tunazozipapasa kwapani na kwenye kinena) na kuzionyesha seli T, askari wa kinga wanaoua, kwamba adui ndo huyu. Uvimbe nao unamwaga kemikali kama TGF-beta na IL-10, ya kwanza inaweza kuzing'ang'aniza seli hizo zibaki kwenye ngozi zisifike kwenye tezi, ya pili inazizuia kukomaa, yaani hata zikifika zinamwonyesha adui bila kutoa ile ishara ya pili ya kusema shambulia, na seli T ikionyeshwa kitu bila hiyo ishara inajifunza kukizoea. Kuizoea kansa jamani! Afu kuna makrofeji, ambazo kazi yao ni kumeza vijidudu na uchafu, uvimbe unazigeuza ziusaidie kuotesha mishipa ya damu ili ule vizuri. Na zile seli T za kutuliza, ambazo mwili unazo ili kinga isijishambulie yenyewe, zinakusanyika kwa wingi pale pale na kuwapoza wenzao.

"Basi ninywe kitu cha kuongeza kinga." Mlonge, mwarobaini, vidonge vya vitamini, kila kona kuna muuzaji. Hamna ushahidi kwamba vinazigeuza seli hizo zirudi upande wako, ni kukanyaga mafuta huku hendibreki umeivuta. Simaanishi kinga ikishuka ni sawa tu, la hasha, waliopandikizwa figo wanaokunywa dawa za kushusha kinga wanapata kansa ya ngozi mara nyingi zaidi kuliko wengine, na kansa ya Kaposi kwa mwenye VVU, kama haijasambaa sana, inaweza kupungua kwa ARV peke yake. Lakini hizo ni hali zinazojulikana na zina matibabu yake, sio unga wa kwenye kopo.

"Watu wenye ualbino wanapata kansa kwa sababu kinga yao ni ndogo tangu kuzaliwa." Sio kweli. Ualbino wa kawaida huku kwetu hauharibu kinga, kinachokosekana ni melanini, ile rangi inayoikinga ngozi na jua. Ila jua lenyewe lina makosa mawili, linaharibu DNA ya seli za ngozi na pia linazilaza seli za kinga zilizopo hapo, na hili la pili watu wengi hawalijui. Miaka ya 1970 Margaret Kripke huko Marekani alionyesha kwamba uvimbe uliotokana na mionzi ya jua ukipandikizwa kwa panya mzima unakataliwa, ukipandikizwa kwa panya aliyepigwa mionzi hiyo kabla unaota. Ndo maana kofia pana, mikono mirefu na losheni ya jua kama ile inayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi ni kinga kwelikweli, na kidonda cha sikioni, mdomoni au shingoni kisichopona kinapelekwa hospitali mapema, hakisubiriwi.

"Mweusi hapati." Anapata, na melanoma, kansa ya seli zinazotengeneza melanini, kwetu inapenda unyayo na chini ya kucha. Bob Marley ilimuanzia kwenye kidole cha mguu, akafa 1981.

"Ikiguswa na kisu inasambaa." Hii imeua watu. Kansa ya ngozi ikikatwa mapema yote ikatoka, mara nyingi mtu anapona kabisa, na ukiutoa uvimbe umekitoa pia kiwanda cha zile kemikali.

"Dawa mpya zinatumia kinga yako mwenyewe kwahiyo hazina madhara." Kwanza zinavyofanya kazi: seli T ina swichi ya kuzimia, mfano PD-1, na kansa inaibonyeza kwa protini inayoitwa PD-L1. Dawa inaziba hapo isibonyezwe. Ya kwanza ya kundi hili, ipilimumab, inayoziba swichi nyingine inayoitwa CTLA-4, iliruhusiwa Marekani 2011 kwa melanoma, na James Allison na Tasuku Honjo wakapewa Nobeli 2018 kwa uvumbuzi wa nyuma yake. Bei haishikiki kwa wengi wetu, hilo ni la kweli kabisa. Madhara yapo, kinga ikifunguliwa inaweza kushambulia utumbo, mapafu au tezi ya shingo, na wagonjwa wengine wa melanoma wanatoka mabaka meupe ya ngozi wakadhani dawa imewaharibu, kumbe seli T zimeanza kuua seli zenye melanini, za kansa na zisizo na hatia pamoja, na wanaotoka mabaka hayo kwa wastani ndo dawa inawakubali zaidi.