Dawa haijakuunguza, ni kinga yako mwenyewe

Watu wakiona mtu ngozi inabanduka baada ya kumeza dawa utasikia dozi ilimzidi au kapewa dawa feki, jamani hapana. Ugonjwa huo wa ngozi kubanduka unaitwa Stevens-Johnson, na hata dozi ya kawaida kabisa inaweza kuileta, maana wanaoua ngozi ni askari wa kinga yake mwenyewe, zile seli T aina ya CD8, zinaikuta dawa imejishika kwenye protini za HLA, zile zinazokaa juu ya seli kama kitambulisho, zinadhani ni adui, basi zinamwaga sumu inaitwa granulisini na seli za ngozi zinakufa, mpaka mdomoni na machoni. Na haiji palepale, mara nyingi ni siku 4 mpaka 28 tangu uanze dawa, ndo maana kinasingiziwa kidonge cha jana wakati mhusika ni kabamazepini ya kifafa iliyoanzwa wiki 2 nyuma.