Mtoto akifanya vizuri usimwambie anajisikia

Kwenye kitengo chetu cha ushauri nasaha wazazi wanatuletea watoto walioshuka shuleni, wanaojifungia chumbani, wanaovuta bangi, ila mama mmoja alikuja na lalamiko tofauti kabisa, eti mwanae wa fomu two siku hizi hasemi kitu, hata akifaulu yuko kimya tu. Nikaongea na dogo peke yake. Akatoa mfukoni mwa sweta karatasi ya mtihani wa hesabu, imekunjwa mara nne, pembe zimeanza kuchanika, 71 kwa wino mwekundu. Muhula wa nyuma alikuwa na 23! Siku aliyopewa alikimbia nayo kutoka stendi mpaka nyumbani, akamkuta mjomba wake sebuleni, mjomba akaiangalia akasema haya, usianze kujisikia, wenzio wana tisini huko. Basi akaikunja, na toka siku hiyo hajamwonyesha mtu karatasi nyingine.

Nimelifikiria sana hili. Kwetu tuna kujivuna na tuna kujivunia, zinakaribiana mdomoni lakini angalia vizuri, anayejivunia lazima awe na kitu, anajivunia 71 yake, anajivunia goli alilofunga, ila anayejivuna hahitaji kitu chochote, anajivuna tu kwamba yeye ni yeye na nyie wengine sio. Wanasaikolojia Jessica Tracy na Richard Robins mwaka 2007 walieleza kitu kinachofanana na hiki, kwamba fahari ina sura mbili, moja inatokana na ulichokifanya na nyingine inatokana na kujiona bora kuliko watu. Ile ya kwanza inaenda na kujiamini na kuelewana na wenzako, ya pili inaenda na hasira na ugomvi.

Na hisia yenyewe mtu hafundishwi. Tracy na mwenzake Matsumoto waliangalia picha za wacheza judo wa Olimpiki na Paralimpiki za Athens mwaka 2004, wakakuta hata waliozaliwa vipofu, ambao hawajawahi kumwona mshindi yeyote maishani, wakishinda wananyanyua mikono na kutanua kifua vilevile. Sasa wewe mzazi unapomkatalia mtoto asitanue kifua, hiyo hisia unadhani inaenda wapi?

Wengine inahamia kwenye status, anapiga picha raba mpya, anapiga picha gari la jirani, anahesabu waliotazama, kwa sababu umri huo macho ya wenzake yana uzito kuliko kitu kingine chochote. Hapo anajivuna kweli, ila mara nyingi ni kwa kuwa kile cha kujivunia hakuna aliyekiuliza.

Kuna kosa la upande wa pili pia na hili linaniumiza, maana linafanywa kwa upendo. Mtoto anaitwa jiniasi toka darasa la tatu, kichwa cha familia, anapofika sekondari akakutana na majiniasi wenzake thelathini, anaanza kuficha mitihani. Watafiti Mueller na Dweck walilionyesha hili Marekani mwaka 1998 kwa watoto wa darasa la tano, waliosifiwa kwamba wana akili, walipokutana na maswali magumu walivunjika moyo haraka kuliko waliosifiwa kwa juhudi, na zaidi ya theluthi yao walidanganya alama zao walipotakiwa kuziandika kwa wanafunzi wengine. Sifa ya akili inamwachia mtoto cheo cha kulinda, na cheo ukiwa nacho unakilinda hata kwa uongo.

Sasa yule mama nilimwambia kitu kidogo tu, asimsifie sana na asimkemee, amuombe ile karatasi na amuulize ulifanyaje. Aliporudi wiki mbili baadaye alinisimulia kwamba mwanzoni dogo alijibu "kawaida tu" akataka kuondoka, akamuuliza tena, akakaa. Akaanza kumweleza kwamba alikuwa anabaki darasani mchana na rafiki yake anayejua aljebra, kwamba alikuwa anakosea kwenye kuhamisha alama, akageuza karatasi akachukua kalamu akaanza kumchorea nyuma yake, kumbe mama mwenyewe hesabu aliziachia darasa la saba haelewi hata kidogo, lakini alikaa pale mpaka mboga ikaungua jikoni, na dogo hakuacha kuongea.